Wavamizi Ndani ya Lori la Harusi

Kinyozi Hibino Tokuji alijua mtindo mmoja tu wa kukata nywele, na ndiyo maana wanaume wote wa mtaa wetu hapa Nagoya walifanana kisogoni. Ukimfuata mtu njiani ukidhani ni mumeo, unaweza kujikuta umeingia nyumba ya jirani, umevua viatu na umeshaanza kulalamika bei ya mboga. Mimi yalinikuta, na sitaki kuulizwa zaidi.

Duka lake lilitazamana na mkahawa wangu, Suzuran. Jina langu ni Yoshie lakini hakuna anayelitumia. Mwenye mkahawa huitwa Mama, basi, hata na vizee walionitangulia kuota meno na kuyang'oa. Kila asubuhi, kabla hajanyoa mtu, Hibino alivuka njia akaja kunywa kahawa. Kahawa ya asubuhi kwetu huja na kipande kinene cha mkate wa kuchoma, siagi, maharage mekundu matamu juu yake, na yai la kuchemsha, vyote bure. Mkahawa usiotoa hivyo katika mji huu mwenyewe atahama kwa aibu. Hibino alikula mkate, akaweka yai mfukoni kwa ajili ya baadaye, na mara kwa mara alilikalia.

Alikaa meza ileile siku zote, ile ya pembeni karibu na dirisha. Haikuwa meza ya mbao. Zamani wakati wa ule wazimu wa gemu ya wavamizi, kila mwenye mkahawa alitupa meza zake akakodi zile zenye kioo juu na skrini ndani. Watu walikuwa wanainama juu ya meza kama wanatafuta kishikizo kilichodondoka. Gemu yenyewe ilikuwa rahisi. Wavamizi kutoka angani wamejipanga mistari. Wanakwenda kulia, wanakwenda kushoto, wakigusa ukingo wanashuka hatua moja. Kurudi juu hawajui. Wewe uko chini na mzinga wako, una vikuta vya kujificha, unapiga mpaka waishe au wakumalize.

Sasa watu wa Nagoya tulikuwa na ujanja wetu. Mahali pengine watu waliwapiga wavamizi wakiwa bado juu, kwa hofu. Sisi tuliwaacha washuke. Tuliwangoja mpaka wafike puani kabisa, mstari wa mwisho, maana wakishafika pale risasi zao zilikupita bila kukudhuru, na wewe unawafyeka mmoja mmoja huku ukimeza kahawa. Ujanja huo ulienea nchi nzima, wakauita kwa jina la mji wetu, na sisi tukavimba vichwa. Hibino alisema ni yeye aliyeugundua. Kila mkahawa wa Nagoya una mzee anayesema hivyo. Ukiwakusanya wote wanajaza uwanja wa besiboli na wengine watasimama.

Ila hata kama hakuugundua, aliucheza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kikombe chake alikiweka kwenye kona ya kioo, upande wa kulia, bila kutazama, na hakuwahi kumwaga tone.

Mtu mmoja tu hakumpenda kwa sababu ya gemu ile, naye ni Kumazaki Iwao. Kumazaki alikuwa anafanya kazi kwa wale waliotukodisha meza: alikuja na lori lake kutengeneza na kuhamisha. Ni mtu mkubwa, shingo hana, na kwao upande wa bandarini alikuwa bingwa. Siku moja akamwambia Hibino wacheze. Hibino akamshinda mbele ya mkahawa mzima, tena alingoja wavamizi washuke huku anamenya yai.

"Huo ni woga!" Kumazaki akafoka. "Mwanamume humpiga adui akiwa mbali!"

"Mwanamume humaliza kwanza kahawa yake," Hibino akamjibu.

Tulicheka mpaka mume wangu akapaliwa. Kumazaki hakucheka. Tangu siku hiyo akija kutengeneza meza alinisalimia mimi, akamsalimia na paka, Hibino akampita kama kiti.

Lazima niseme na habari ya mke, maana bila hiyo utamwona Hibino kichaa. Kwetu, binti akiolewa, vyombo vyake hutangulizwa kwa lori: makabati, magodoro, kimono, friji, vyote. Lori linafungwa mikanda myekundu na myeupe, na ubavu wake ni kioo kitupu ili majirani waone wazazi hawakubana mkono. Na lori hilo halipigi rivasi. Hata iweje. Likirudi nyuma, bibi harusi naye atarudi kwao. Likikutana na gari kwenye kichochoro, yule mwingine ndiye anayerudi, na anapewa bahasha ya shukrani kwa usumbufu.

Sasa lori lililoleta vyombo vya mke wa Hibino lilikata kona vibaya pale kwa muuza tofu, ile jibini ya soya, na dereva akarudi nyuma kidogo. Urefu wa kiatu, Hibino alisema. Binti yao Chikage alipokuwa bado hajaanza shule, mama yake akaondoka na mpiga picha wa Gifu. Mimi nadhani aliondoka kwa sababu Hibino ni Hibino. Mwanamke akiulizwa mara elfu moja kama amewahi kuona mtu akingoja wavamizi vile, huchoka. Lakini yeye alishikilia kile kiatu. Hakumlaumu mke, hakujilaumu, alimlaumu dereva.

Kwa hiyo Chikage alilelewa na baba kinyozi na mkahawa wangu. Mazoezi yake ya hesabu aliyafanya juu ya ile meza ya kioo, wavamizi wakitembea chini ya majibu yake. Nywele zake nazo alizikata babake, maskini.

Akakua, akaajiriwa duka kubwa la mjini, ghorofa ya vitu vya kuchezea. Wakati huo gemu zilikuwa zimeshahamia majumbani. Mashine ndogo, unaichomeka kwenye televisheni, unatia kaseti, unakaa na soksi zako unacheza. Mshahara wake wa kwanza akanunua mashine hiyo pamoja na kaseti ya wavamizi. Juu ya boksi waliandika kwamba ni sawasawa na ile ya mkahawani. Akaja mbio kuniita mimi na babake tukaone.

Hibino alisimama mlangoni mwa sebule yake mwenyewe, amekunja mikono.

"Vikuta vimekaa vibaya," akasema. "Sauti ni ya mbu. Halafu kahawa utaweka wapi?"

"Mezani, Baba. Ile pale."

"Ile ni meza ya kawaida."

"Shika basi ujaribu. Kuna kitu humu kimebadilika, nataka nikuonyeshe."

"Sishiki. Hii ni picha ya gemu, siyo gemu."

Akarudi kwangu kuagiza kahawa nyingine. Chikage akacheza peke yake, na baadaye akapata wa kucheza naye: Norihiro, muuza baiskeli wa Okazaki, kijana mpole mwenye masikio makubwa, aliyekuja dukani kununua kaseti akarudi kila wiki kununua asichokihitaji. Wakachumbiana. Hibino alimkubali kwa sharti moja, kwamba amkate nywele, na tangu hapo masikio yale yakaonekana makubwa zaidi.

Ugomvi ulikuja wakati wa kupakia lori. Chikage alitaka mashine ya gemu iwekwe mbele kabisa kwenye kioo, juu ya televisheni mpya.

"Watu wataona nini?" Hibino akapiga kelele. "Watasema binti wa Hibino anampelekea mume midoli! Weka kabati mbele. Kabati ni la mti wa maana."

"Baba, Norihiro hajali kabati."

"Atajali soksi zake zikikosa pa kukaa!"

"Nusu ya sababu ya kunioa ni hii mashine."

"Na nusu nyingine?"

"Kwamba namshinda."

Hibino akanigeukia mimi kutaka msaada. Nikamwambia kama mimi ningekuwa na mashine ya kumshinda mume wangu ningeifunga shingoni. Mashine ikakaa mbele.

Siku zilezile meza yangu ikafa. Skrini ilizimika asubuhi moja Hibino akiwa amebakiza wavamizi wawili, na akakaa akikitazama kioo cheusi hadi mkate ukapoa. Meza nyingine walikuwa wameshazichukua, ilikuwa imebaki ile tu. Nilipopiga simu wakasema hawatengenezi tena, watakuja kuichukua na kuniletea ya mbao. Wakapanga siku wenyewe. Na ikabidi iwe siku ya lori, kwa sababu dunia ndivyo inavyoniendesha.

Kalenda yetu ya bahati ilisema siku ile asubuhi ni njema, mchana ni mbaya. Siku zilizokuwa njema kutwa nzima malori yote yalishakodiwa na wenye harusi waliowahi. Kwa hiyo vyombo vilipaswa viwe Okazaki kabla ya saa sita. Hibino alivaa suti nyeusi, ileile ya mazishi, ila na tai nyeupe ya harusi. Lori likaja kutoka upande wa kusini, likapakiwa, dereva wake mzee mwenye glavu nyeupe akapanda, akapiga honi moja ya heshima, majirani tukapiga makofi. Sasa kilichobaki ni kwenda mbele mpaka barabara kuu.

Mbele kulikuwa na Kumazaki.

Alikuwa ameshapakia meza yangu, miguu juu, na alikuwa anazungumza na paka. Pua za yale malori mawili zilikuwa karibu kugusana. Mtaa wetu, ukiweka lori moja, baiskeli itapita ikiomba radhi. Hibino akamwendea na bahasha, ameishika kwa mikono miwili, ameinama vizuri kabisa.

"Tunakusumbua, ndugu. Tafadhali, piga rivasi kidogo."

Kumazaki akaitazama bahasha. Akamtazama aliyeishika.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mwanamume wa kahawa."

"Binti yangu anaolewa."

"Nimeona. Hongera. Vyombo vizuri. Lakini mimi bahasha yako sitaki."

"Unataka nini?"

"Nataka kucheza na Hibino tena. Unishinde kiume, nirudi nyuma mpaka bandarini ukipenda. Nikikushinda, lori lako litarudi nyuma. Hatua moja tu, mimi si mtu mbaya."

Jamani! Nilimwambia Kumazaki maneno ambayo mwenye mkahawa hapaswi kumwambia mtu mchana kweupe. Hibino alikuwa amegeuka rangi ya unga. Alikimbia dukani kwake, akatoka na beseni la kuoshea nywele, akalikandamiza nyuma ya tairi la lori la harusi ili lisiteleze kurudi. Akarudi ndani akatoka na kigoda. Halafu akavua viatu vyake vya suti, akavisukuma chini ya tairi la pili, akasimama nyuma ya lori na soksi, mikono imetanuliwa, kama anazuia ng'ombe.

"Bwana Hibino," dereva wa glavu nyeupe akasema kupitia dirishani, "breki ninayo."

"Hata yule dereva wa zamani alikuwa nayo!"

"Mzee anaogopa," Kumazaki akasema. "Si neno. Ni kawaida yake."

"Meza umeipindua miguu juu," Hibino akamwambia kutoka nyuma ya lori. "Tena imekufa. Tutacheza na nini? Ungekuwa na akili ungedai mieleka."

Hapo Chikage, ambaye alikuwa amekaa pembeni na kimono yake ya bluu, akavua kandambili, akapanda ndani ya lori, akasukuma mlango wa kioo. "Mama," akaniambia, "una ekstensheni?"

Ninayo. Ya majira ya joto, ya feni. Nikaivuta kutoka jikoni, ikavuka njia, ikapita juu ya miguu ya muuza tofu, ikafika. Chikage akachomeka televisheni yake mpya ambayo haijatolewa hata karatasi. Akatia kaseti. Wavamizi wakatokea ndani ya lori la harusi, kati ya friji na kabati la mti wa maana, na mtaa mzima ukajipanga kwenye kioo. Waliokuja kutazama vyombo wakaona vyombo vinapigana.

"Hiyo?" Hibino akasema. "Hiyo siigusi."

"Basi lirudi hatua moja," Kumazaki akasema.

Hibino akapanda lorini na soksi zake.

Walikubaliana mchezo mmoja kila mtu, mizinga mitatu, mwenye alama nyingi ndiye mshindi. Kumazaki akaanza. Alikaa juu ya godoro la maharusi bila aibu, akakishika kile kidude cha kubonyeza ambacho kwenye mkono wake kilionekana kama biskuti. Dole lake gumba lilifunika vitufe vyote kwa pamoja. Mara anapiga wakati anataka kukimbia, mara anakimbia wakati anataka kupiga, na mwili wake wote unakwenda na mzinga, kulia, kushoto, godoro linalia. Lakini alipiga kwa mbali kama alivyoapa, akafyeka kundi zima la kwanza na vipande vya la pili ndipo akaisha. Watu wakampigia makofi, wasaliti hao.

Hibino akakaa. Akatafuta mahali pa kuweka kikombe, nikampa kahawa yake, akaiweka juu ya friji. Akapumua. Mtaa wote ukajua nini kinakuja, na mimi nikaona fahari, nakiri. Yule ni wetu.

Akaanza kungoja.

Wavamizi wakashuka. Hibino akaondoa wachache tu wa pembeni, taratibu, kama anavyopunguza ndevu za mteja aliyelala. Wakashuka tena. Wakafika mstari wa mwisho, puani, na Hibino akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake.

Mzinga ukalipuka.

"Hapana," akasema Hibino.

Akaupata wa pili. Wavamizi bado wako palepale chini. Akajisogeza chini yao kabisa, mahali ambapo kwa miaka yote hakuna risasi iliyowahi kumgusa. Ukalipuka nao.

"Hapana! Hawawezi! Wakiwa hapa hawawezi!"

"Kwenye ya nyumbani wanaweza, Baba," Chikage akasema. "Ukiwangoja wanakuua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipotaka kukuonyesha, ukakunja mikono."

Hata muuza tofu alinyamaza, na huyo huongea hata akipiga mswaki. Hibino alibakiwa na mzinga mmoja na ujanja ambao haufanyi kazi, na mwingine hana. Alitazama nyuma, pale kwenye mlango wa lori, chini, mahali viatu vyake vilipokuwa vimebanwa na tairi. Nilijua anapima ule urefu wa kiatu. Nilimhurumia, na nikamkasirikia pia, maana kazi ya nywele na ya gemu mtu huyu alizijua kwa namna moja moja tu.

"Nipe," Chikage akasema.

"Huyu kanipa changamoto mimi."

"Alisema anacheza na Hibino." Akamgeukia Kumazaki. "Mimi nitabadili jina nikishaolewa. Leo bado ni Hibino. Au unaogopa, mjomba?"

Kumazaki akakuna mahali ambapo shingo ingekuwa. "Siogopi mtoto," akasema. "Cheza."

Hibino alimtazama binti yake. Halafu akampa kidude kile kwa mikono miwili, ameinama kidogo, vilevile alivyotoa bahasha.

Chikage akakunja mikono ya kimono kwa mkanda, akapiga magoti juu ya godoro. Na hakungoja. Alianza kupiga wavamizi waliobaki kabla hata sijameza mate, akawamaliza, kundi jipya likatokea juu kabisa na yeye tayari anawapiga, safu baada ya safu, kutoka mbali. Na mtu wa kwanza kupiga kelele za furaha alikuwa Kumazaki.

"Naam! Hivyo hivyo! Wa kushoto, wa kushoto! Usimngoje huyo! Ona! Ona anavyowapiga mbali!" Alisimama, akagonga kichwa kwenye dari la lori, akaendelea kushangilia. "Miaka yote hii nawaambia! Watu wa Nagoya hamsikii!"

"Mjomba, nakushinda wewe," Chikage akasema bila kugeuka.

"Najua! Piga!"

Alama zake zikapita za Kumazaki, na mtaa ukalipuka. Muuza tofu alinikumbatia mimi, kisha akakumbatia ekstensheni. Hibino hakupiga kelele. Alikuwa ametoa lile yai mfukoni na kulishika, limepasuka lote, na machozi yanamtiririka bila kificho.

"Umenishinda kwa mtindo wangu," Kumazaki akamwambia Chikage, na akamwinamia kweli, mpaka chini. "Baba yako angenisikiliza zamani angekuwa mtu." Akashuka, akaingia kwenye lori lake, akawasha.

Televisheni ikachomolewa. Mashine ikarudi mahali pake mbele kwenye kioo. Dereva wa glavu nyeupe akaangalia saa, akasema tukienda sasa hivi tutafika Okazaki kabla ya saa sita bila taabu. Hibino akatoa beseni, akatoa kigoda, akatoa viatu vyake vilivyokuwa bapa kama chapati na kuvivaa hivyohivyo. Chikage akapanda mbele kwa dereva. Njia sasa ingefunguka. Ndicho Hibino alichokuwa anakitaka.

Kumazaki akaanza kurudi nyuma, na alikuwa dereva hodari, angefika barabara kuu kabla hujapiga chafya. Hibino akakimbilia dirishani kwake.

"Ndugu," akasema. "Rudi polepole."

"Njia imenyooka, mzee. Naiona."

"Najua. Polepole tu."

Kumazaki alimtazama muda kidogo. Halafu akainua mguu wake mkubwa kutoka kwenye pedali, na lile lori likawa linarudi kwa mwendo wa kobe anayefikiria. La harusi likalifuata, pua kwa pua. Hibino akatembea ubavuni, mkono wake umewekwa kwenye kioo, mbele ya ile mashine. Kila mara alisema, "Hapo kuna shimo, subiri," na hapakuwa na shimo. Akasema, "Ngoja paka apite," na paka alikuwa kwangu. Kumazaki alisimama kila alipoambiwa. Chikage alikuwa ametoa kichwa dirishani, anacheka na kulia, anamwambia Baba basi, Baba tutachelewa, Baba nitakuja Jumapili kwa treni, treni hairudi nyuma. Mtaa wetu ni mfupi sana. Siku ile niliona ni mfupi mno.

Kwenye barabara kuu Kumazaki akakaa pembeni, akapiga honi, na lori la harusi likakunja kona likaenda. Halikurudi nyuma hata urefu wa ukucha.

Aliyerudi ni Hibino, peke yake, kwa miguu, na viatu bapa. Hakuingia dukani kwake ingawa mteja alikuwa anamngoja. Akaja kwangu, akakaa kwenye kiti chake cha pembeni karibu na dirisha, uso umeelekea mbele. Nilimpelekea kahawa. Akapokea, akanywa funda moja, akanyoosha mkono wa kulia bila kutazama kuiweka kwenye kona, na mkono ukabaki hewani, maana meza ilikuwa imeondoka na Kumazaki.

"Mama," akasema. "Ile ya mbao wanaleta lini?"

"Kesho."

"Sawa," akasema Hibino. "Basi leo kahawa nitaishika tu."